Hoho Zilizolala Ndani

Mwalimu wetu wa baiolojia akichora ua ubaoni, lazima lifanane na feni. Siku hiyo alichora feni mbili, katikati akaweka nyuki aliyefanana na kuku mwenye miwani, akaanza kutueleza namna nyuki anavyobeba chavua kutoka ua hili kwenda ua lile. Mimi nilikuwa dawati la nyuma nikimchora yeye mwenyewe kwenye daftari, tena nilikuwa nimefika puani, mahali pagumu, kwa sababu pua yake inahitaji karatasi ya peke yake.

"Sasa ukipanda hoho karibu na pilipili kali," akasema, "mwaka huo hutaona kitu. Utakula hoho yako tamu kama kawaida. Lakini chukua mbegu zake, zipande mwakani. Hapo ndipo utakapomjua baba yao."

Darasa zima likacheka. Mimi ninayecheka hata kwenye mtihani sikucheka. Nikanyoosha mkono. Watu wakajiandaa kucheka tena, maana mkono wangu haunyookagi bure.

"Mwalimu, na kama aliyezipanda alikuwa na hasira? Haziwezi kuwa kali kwa sababu hiyo?"

"Ingekuwa hivyo," akasema, "kwa jinsi nyie mnavyonitesa, hata mchicha wangu ungekuwa unawasha."

Nikaomba ruhusa ya kutoka. Nikasema tumbo. Nimeshatumia tumbo mara nyingi tangu nianze sekondari hapa Mpanda, na bado linakubaliwa. Nilikwenda nikakaa nyuma ya vyoo, mahali ambapo hakuna mtu anayekaa kwa hiari, na hapo hapo, katikati ya harufu ile, nikasikia harufu nyingine kabisa: hoho mbichi inayokatwa kwa kisu butu juu ya wali wa moto. Majimoto, uani kwa Bibi. Keti nikusimulie.

Nilipelekwa Majimoto nikiwa darasa la tatu, kwa sababu mama alisema mimi ni watoto watatu ndani ya gauni moja na yeye alizaa mmoja tu. Bibi akanipokea kwa kunitazama juu mpaka chini kama anayenunua kuku. "Haya, mke mwenzangu," akasema, "kwangu hapa mtu anakula akishachoka."

Wewe unajua utani wa mabibi na mababu, sina haja ya kukueleza sana. Babu aliniita mke mdogo. Bibi aliniita mke mwenza, na tulipogombana alisema waziwazi kwamba nimekuja kumwibia mume. Mume mwenyewe alikuwa na meno sita, na mgongo uliogoma kuinama tangu alipoanguka na gunia la mpunga. Alishinda kwenye kiti chake cha kamba chini ya kipenu cha jiko, fimbo mkononi, akiamuru dunia. Dunia ilikuwa mimi.

Zamani Babu alikuwa mlaji wa pilipili aliyejulikana mpaka ng'ambo ya mto. Bibi alisema alipomposa alikuja na pilipili mfukoni, asije akakuta ukweni wamesahau. Halafu vidonda vya tumbo vikamshika. Zahanati wakamwambia basi, pilipili mwisho, na Babu akagoma kula. Hakugoma kwa maneno. Alikuwa anatazama chakula tu kama barua ya mtu mwingine. Akakonda mpaka kofia ikawa inamshuka masikioni.

Ndipo Bibi aliposafiri kwenda Karema kwenye sherehe ya kanisa, akala jikoni kwa masista kitu cha kijani, kikubwa kama ngumi, kinachonukia pilipili lakini hakichomi. Akarudi na mbegu zake zimefungwa kwenye pindo la khanga. Alimdanganya Babu kama mtoto. Alimpa harufu, akaficha moto. Na Babu, alipokata kipande cha kwanza na kukinusa kabla ya kukitia mdomoni, akala sahani nzima ya wali. Haya ya kabla yangu nilisimuliwa tu, lakini nilisimuliwa mara nyingi kiasi kwamba nakumbuka hata rangi ya sahani.

Tatizo lilikuwa ng'ombe. Jirani yetu alikuwa mfugaji, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wengi na sauti moja kubwa, na njia ya mifugo yake kurudi bomani ilipita katikati ya jiko letu na choo. Hoho za kwanza Bibi alizipanda ardhini kama watu wote. Jioni moja tu ng'ombe wakapita, wakala, wakaendelea na safari yao. Jirani hakuombwa fidia. Alileta samadi mikokoteni miwili, akakaa na Babu wakacheka, yakaisha. Lakini Bibi aliapa kwamba hoho zake hazitalala nje tena.

Zikawa zinalala ndani. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Watu wengine jioni huingiza mbuzi, sisi tuliingiza hoho.

Alizipanda kwenye kila kitu kilichokufa. Madumu ya mafuta yaliyokatwa shingo, ndoo zilizopasuka, sufuria iliyotoboka, beseni ambalo mjomba aliogeshewa utotoni, karai la fundi aliyehama bila kuaga. Vyote vilikuwa kumi na saba. Kila kimoja alikitoboa chini kwa msumari wa moto ili maji yasituame, akaweka kokoto, halafu udongo. Udongo wenyewe ulikuwa na masharti kuliko bibi harusi: sehemu moja ya kichuguu, sehemu moja samadi ya jirani iliyokaa mpaka ikaacha kunuka, na pumba za mpunga kidogo ili upumue. Mara moja niliona kungoja ni ujinga, nikatia samadi mbichi kwenye karai zima. Miche ikaungua siku ya tatu. Bibi hakunipiga. Alinipeleka kwenye karai, akasema, "Waombe msamaha marehemu," na nikawaomba msamaha, miche minne, mmoja mmoja, huku Babu akinisahihisha kwamba sijainama vya kutosha.

Asubuhi tulizitoa juani, mimi na Bibi, kila mtu na dumu lake kifuani kama tunabeba watoto. Nilizimwagilia maji tuliyooshea mchele. Nilitia majivu kwenye majani kuwafukuza wadudu. Ua la kwanza la kila mche Bibi alilichuma akalitupa, akasema ua la kwanza halina akili, linataka kuzaa kabla halijakua, kisha alinitazama mimi bila sababu. Na tunda moja kwa kila mche halikuguswa. Lilifungwa uzi mwekundu, likaachwa liive mpaka liwe jekundu lenyewe na kuanza kukunjamana kama shavu la mzee. Hilo lilikuwa la mbegu. Mbegu zilichanganywa na majivu, zikatiwa kwenye chupa, chupa ikaning'inizwa juu ya moshi wa jiko.

Jioni, ukisikia tu kengele za ng'ombe upande wa mbugani, unaacha kila kitu. Hata kama upo chooni. Vumbi lilikuwa linapanda nyuma ya migomba, jirani anapiga mluzi, na sisi tunakimbia na madumu, majani yananitekenya puani, harufu ile ya kijani mwili mzima. Jirani akipita anasalimia, "Mwadila, mama wa madumu!" na Bibi anamjibu, "Pita na watoto wako wasio na adabu!" Babu hakubeba kitu. Kazi yake ilikuwa kuhesabu kwa fimbo, kila dumu likivuka kizingiti. Mwisho alisema maneno yale yale, kila siku ya Mungu: "Kumi na saba, na wake wawili. Funga mlango."

Tukalala watu watatu na hoho kumi na saba kwenye nyumba ya vyumba viwili. Nimelala bwenini na wasichana arobaini, na bado nakwambia, kule ndiko kulikuwa na msongamano.

Sasa nikiwa darasa la nne, siku moja Bibi yupo shambani, Babu akaniita kwa kidole.

"Mke mdogo. Unanipenda?"

"Inategemea, Babu. Unataka nini?"

"Mke mkubwa ananilisha kama mgonjwa."

"Si wewe ni mgonjwa kweli?"

"Nyamaza. Kwa jirani, nyuma ya zizi, mke wake ana pilipili. Zile ndefu, nyekundu. Omba mche mmoja. Uotee hapa nyuma ya jiko, kati ya madumu, huko ambako Bibi yako hapendi kuinama. Sitakula nyingi. Kipande kama ukucha. Nataka tu kinikumbuke."

Alisema hivyo, kinikumbuke. Kama pilipili ni rafiki aliyehama.

Basi nilikwenda. Mke wa jirani akanipa mche, akanionya nikishika tunda nisiguse macho, nami siku hiyo hiyo baadaye niligusa macho, lakini hilo siyo la leo. Nikaupanda kwenye kopo la rangi, nikalisukuma katikati ya dumu la sita na la saba. Jioni tukiingiza ndani, lile kopo nililiacha nje nyuma ya kuni, ng'ombe hawalifikii. Asubuhi nalirudisha kati ya wenzake. Kwa hiyo hesabu ya Babu haikuharibika, naye alikuwa anahesabu kwa sauti ya mtu safi kabisa. Nikawa namletea pilipili moja kwa wiki ndani ya kiganja. Alimega kipande cha ukucha, akafumba macho, jasho likamtoka kwenye paji, na uso wake ukarudi nyuma miaka ishirini. Tumbo halikusema kitu msimu ule. Kiangazi kikaja, pilipili yangu ikakauka, nikang'oa shina nikalitia motoni. Ushahidi ukaisha. Nilijiona mjanja kuliko wilaya nzima.

Hoho za msimu ule zilikuwa tamu kama kawaida. Bibi akatoa mbegu kwenye zile zenye uzi mwekundu, akazipandisha moshini.

Siku ya kusia msimu uliofuata, Babu alitoroka. Alipanda bodaboda, na mgongo ule ule wa kugoma, akaenda kunywa pombe kwa rafiki yake, akarudi anaimba. Bibi alikuwa ameshikilia chupa ya mbegu. Alizisia zote siku ile huku anafoka, anazitupia udongoni kama anapiga kuku mawe. "Utakufa na tumbo lako! Utaniacha na madumu!" Babu anaimba, Bibi anapanda. Hata mimi nilishika ufagio bila kutumwa, na wewe unajua hilo ni jambo zito.

Hoho zikaota, zikakua, zikapendeza. Ya kwanza kukomaa ilikuwa ya Babu siku zote, Bibi hakuwahi kuionja kabla yake. Akaikata juu ya wali wake, akamwekea mezani. Babu akatia kipande mdomoni.

Niliuona uso ule. Ule wa miaka ishirini nyuma. Akanitazama, akanikonyeza, na nikaelewa kwamba anadhani ni kazi yangu, kwamba mke mdogo amempenyezea zawadi ndani ya hoho kabisa. Nikatikisa kichwa. Hakuniona, macho yalikuwa yamejaa machozi. Akala hoho nzima. Akaramba na kidole.

"Mwaka huu zimekubali," akamwambia Bibi.

Kabla jua halijageuka alikuwa amejikunja kitandani, anatapika, na matapishi yana damu. Jirani alikuja na pikipiki yake, tukamweka Babu katikati na kijana mmoja nyuma wa kumshika, wakaondoka kwenda zahanati. Bibi alibaki amesimama. Halafu akaingia, akachukua kipande kilichobaki kwenye kisu, akakila. Akakitema. Akaenda kwenye madumu, akachuma hoho changa ya pili, akauma. Ya tatu. Ya nne. Machozi yanamtiririka na mimi sikujua ni ya ukali au ni ya kilio chenyewe.

Kwetu pale kila mtu anajua, pilipili inamtii mpandaji. Ukitaka kali, panda umekasirika. Mke wa jirani alipokuja kutoa pole alisema kwa upole tu, "Mama, siku ile tulikusikia mpaka kwetu. Zilikunywa yale maneno." Hakusema kwa ubaya. Bibi akaitikia kwa kichwa. Akang'oa miche yote siku ile ile, vyombo vyote kumi na saba. Nilisimama pale nikilikumbuka kopo langu la rangi. Kitu kilinikwaruza, lakini kopo lilikuwa la mwaka jana, na hoho za mwaka jana zilikuwa tamu, nimezila mwenyewe. Haikuingia akilini. Na kama ingeingia, sijui kama ningesema. Nilikuwa na miaka kumi na niliogopa. Ni hivyo tu.

Babu akapona. Akarudi, akakaa kwenye kiti chake. Lakini Bibi hakupanda tena. "Mkono wangu umeharibika," alisema. Babu alimwomba. Alimtania, alimbembeleza, mara moja alimwimbia. "Hata moja tu, kwenye ndoo." Bibi alikataa, alimpikia mlenda, alimpikia samaki wa Karema, na Babu akarudia kutazama chakula kama barua ya mtu mwingine. Ilikuwa miaka miwili. Nikiwa darasa la saba, masika, kifua kikambana, akaondoka. Daktari alisema ni mapafu, hayahusiani na tumbo. Bibi alimsikiliza daktari kwa adabu, na nilimwona haamini.

Hayo ndiyo yaliyonikalisha nyuma ya vyoo.

Likizo ilipofika nilishuka Majimoto na begi na hotuba niliyoifanyia mazoezi njia nzima. Bibi alikuwa uani anachambua mchele kwenye ungo. Amepungua. Jirani alishahama na ng'ombe wake kwenda kutafuta malisho mbele huko, na njia ya mifugo imezibwa kwa uzio wa miiba, mtu kapanda alizeti. Madumu mengine yalikuwa yamegeuka viota vya kuku.

"Bibi, nina kesi."

"Umefukuzwa shule?"

"Bado."

"Basi kula kwanza."

"Bibi, mwaka ule nikiwa darasa la nne, Babu alinituma..."

"Pilipili ya kwenye kopo la rangi," akasema, bila kuinua macho kwenye ungo.

Hotuba yangu yote ikaanguka chini.

"Ulijua?"

"Ulikuwa unaimwagilia siku mbili unasahau tano. Unadhani ilikuwa inakunywa nini, mke mwenzangu? Mate yako?" Akapuliza pumba. "Mimi nilikuwa naimwagilia. Nikasema, acha aibe kipande, ajione mjanja. Mtu mzima akilishwa kila kitu anajiona kama mfu."

Nikacheka, halafu nikaacha, kwa sababu sehemu ngumu ilikuwa bado. Nikaokota kijiti, nikachora ua kwenye vumbi. Lilifanana na feni. Nikachora la pili, nikachora nyuki, nikamweleza kama nilivyoelezwa: nyuki alitoka kwenye kopo langu akaingia kwenye dumu lako, tunda likabaki tamu, lakini mbegu zikaondoka na moto ndani yake. Ukazitundika moshini zikiwa zimeshabadilika. Ukazipanda.

Akaifuata ile michoro kwa kidole, kutoka feni ya kwanza mpaka ya pili.

"Kwa hiyo siku ile," akasema taratibu, "hata ningezipanda naimba?"

"Hata ungezipanda na kwaya nzima ya parokia, Bibi."

"Si maneno yangu."

"Si maneno yako. Ni nyuki. Na mimi."

Akaweka ungo chini. Nilitegemea atanigombeza, atacheka, kitu chochote. Alisema, "Miaka miwili aliniomba hoho moja. Nikamnyima. Nikadhani namlinda dhidi ya mkono wangu." Nikatafuta utani. Nikatafuta kila mahali ninapouwekaga, sikuupata. Nikasogea nikakaa karibu yake mpaka bega langu likamgusa, na yeye hakulisukuma.

Mbegu zile hazipo tena. Nimeulizia sokoni Mpanda, wanazo hoho kubwa zinazong'aa kama plastiki, ukizinusa hupati kitu. Nimetuma salamu Karema, wakasema sista aliyelima bustani ile alishahamishwa zamani na bustani sasa ni maegesho. Ile harufu ya kijani kifuani, vumbi likipanda nyuma ya migomba, mluzi wa jirani, fimbo ya Babu ikigonga kizingiti, sina mtu wa kumwonyesha. Nakusimulia tu wewe.

Jua likaanza kushuka. Hakuna kengele iliyolia, lakini Bibi alinyanyuka kama aliyesikia. Akamfukuza kuku kwenye dumu, akakung'uta manyoya, akalikumbatia kifuani.

"Mke mwenzangu," akasema, "unangoja nini? Beba na hilo."

Nikabeba. Ndoo iliyopasuka, beseni la mjomba, karai la fundi. Matupu yote, mepesi, yananuka kuku. Tukayaingiza ndani moja moja, mimi na yeye, mpaka uani hakukubaki kitu. Mengine yalishaharibika au yameibwa. Nilisimama kizingitini nikahesabu kwa kidole.

"Kumi na moja," nikasema kwa sauti ya Babu, "na wake wawili."

Bibi akafunga mlango.